Ukuta wa Ahadi

Mwanangu Suleiman,

Salamu za mama unazijua, na dua nimeianza tangu ulipotoka mlangoni. Umekwenda Kisiwa Panza kumuaga shangazi yako na hutarudi mpaka maji yajae, kwa hiyo nyumba imetulia kidogo. Dada yako anakaanga samaki wa safari. Mimi nimekaa ukumbini kukuandikia, kwa sababu maneno haya nikikwambia kwa mdomo utanijibu "Sawa mama" kabla sijafika katikati. Nakujua. Tangu udogo wako hujawahi kunijibu jengine.

Sitakuandikia habari za kufua, kula wala kuamka alfajiri. Hayo dada yako kayasema mpaka sauti imemkauka, na bibi yako akaongeza ya kwake. Nataka kukuandikia habari za mjomba wako Hamadi, ndugu yangu, na ile kazi iliyomuua. Unajua kwamba aliangukiwa na zege. Hujui ilikuwaje mpaka likamwangukia, kwa kuwa hapa kwetu likitajwa jina lake husemwa "Mungu amrehemu" na mazungumzo yakahamia kwingine.

Pengine ningeendelea kunyamaza kama usingekuja na ile habari ya kazi. Ulikaa jikoni, sahani ya muhogo mapajani, ukasema kwa furaha: "Mama, kule Unguja n'taongoza genge la boksi. Na wana ule mkutano wenu wa kila wiki, wa ahadi! Siku hizi wanauweka kwenye kioo kikubwa cha kompyuta na kwenye simu." Nikasema alhamdulillahi. Kisha nikatoka uani nikaushika ukuta wa choo. Wewe ulidhani nimefuata kuni. Boksi, zile mbao za kumwagia zege, ndiyo iliyokuwa kazi ya Hamadi, na mkutano ule nilikuwa nikiuongoza mimi.

Naogopa, Suleiman. Nikikusindikiza botini kesho nahisi nampeleka Hamadi kazini mara ya pili.

Ilikuwa skuli ya ghorofa, njia ya kwenda Chokocho. Wewe ulikuwa mdogo, unatoka chuoni jioni na juzuu yako kifuani, na mjomba wako akikupitia akakubeba mabegani mpaka nyumbani ingawa miguu yako ilikuwa mizima. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, na pale kwenye ujenzi nilikuwa mwanamke pekee asiyepika chai wala kuchota maji. Mkandarasi alitoka bara akaja na mhandisi kijana, mpole, aliyependa kuuliza mambo. Huyo ndiye aliyetuletea njia mpya ya kupanga kazi.

Alitukusanya mafundi wote akatueleza. Zamani, alisema, bosi hupanga ofisini, fundi akaambiwa, na kazi ikichelewa kila mtu humlaumu mwenzake. Saruji inaganda stoo, watu wamekaa wanasubiri nondo, na nondo ikija waliokuwa wanaisubiri wameshaondoka. Sasa anayefanya ndiye atakayepanga. Kila wiki kila genge litasimama mbele ya ukuta, litabandika karatasi ya rangi yake, liseme wiki ijayo litafanya nini na linahitaji nini. Kazi isiyo tayari haibandikwi. Akasema, nami nilimpenda kwa neno hilo, "Kusema sijawa tayari si kosa hapa. Ndiyo kazi yenyewe."

Mafundi wakauita Ukuta wa Ahadi. Mimi nikapewa kuuongoza. Baba yako akawa ananitania kwamba nimesoma miaka yote ile nikaajiriwa kubandika karatasi.

Mkutano wa kwanza mhandisi akauliza, "Nani ana kikwazo?" Hakuna. "Saruji itatosha?" Itatosha. "Maji?" Yapo. "Watu?" Wapo, inshallah. Alifurahi akasema hajaona eneo lenye umoja namna hii. Nami niliyezaliwa hapa nilijua nilichokisikia. Kwetu mtu hamkatalii mwenzake mbele za watu. Jirani akija kuomba chumvi nawe huna, humwambii huna. Unasema "Ngoja nikutazamie," unaingia ndani, unakaa kidogo, unatoka na masikitiko, na yeye anaondoka hajaaibika. Sisi hatuuiti huo uongo, twauita sitara, na nimelelewa nao na nikakulea nao. Nilipaswa kumwambia mhandisi kwamba ukuta wake umejaa watu wanaotazamia chumvi. Nilinyamaza, kwa kuwa ulikuwa ukipendeza.

Mwisho wa kila wiki tulihesabu ahadi zilizotimia na zilizokwama. Mhandisi alisema twahesabu ili tujifunze. Lakini yeye alikuwa na jengo jengine Unguja, akawa haji kila wiki, na mkandarasi akaanza kuzitumia zile hesabu kwa namna yake. Genge lililotimiza lilisifiwa, lililokwama likafanyiwa kejeli. Yeye mwenyewe hakubandika hata karatasi moja. Mbao zitafika lini, mafuta ya mashine yatakuja lini, hayo hayakuwa na rangi pale ukutani. Tuliokuwa tunaahidi ni sisi wa chini, na ahadi zetu zilisimama juu ya mambo ambayo hapana aliyeyaahidi.

Halafu karafuu zikaiva. Unajua karafuu zikiiva hapa hakuna saramala wala mwashi, kila mtu mchumaji. Ukuta haukulijua hilo. Haukujua pia kwamba mtu akifa Kengeja, mafundi wote wa huko wako maziarani mpaka jioni na hapana wa kuwauliza. Nilikuwa nikiyajua yote mawili na nikayaona ni mambo yasiyofaa kuandikwa kwenye karatasi za rangi.

Asubuhi moja tulikwenda kazini pamoja, mimi na Hamadi, kwa miguu. Alikuwa amebeba msumeno wake. Tulipokaribia, akasema, "Dada, ile mirunda ya kushikilia boksi haijashuka bandarini. Na vijana wangu washakwenda karafuuni."

Nikamwambia, "Basi si useme mkutanini? Ndiyo kazi ya mkutano."

"Haya," akasema, akapapasa shingo yake.

Suleiman, soma hapo tena. Alinambia. Alinikatalia kama anavyokatalia mtu wa kwetu, mapema, njiani, tukiwa wawili, bila ya kuniaibisha. Na mimi niliyemjua tangu anatambaa nilimrudisha akaseme mbele ya ukuta kile ambacho alikuwa ameshakisema.

Tulipofika tukakuta wageni. Walikuja kutoka ofisi kuu ya mkandarasi kuuona ukuta, wamevaa makoti kwenye lile joto, na simu zao juu wanapiga picha. Mkandarasi akawaambia, "Tazameni huyu mama anavyowaendesha." Nilikuwa nimevaa buibui jipya. Nilijisikia mkubwa, sikufichi. Nikaita genge baada ya genge, nao wakajibu vizuri, nikafika kwa ndugu yangu.

"Fundi Hamadi, boksi la upande wa barabara litakuwa tayari kwa zege Alhamisi?"

Alinitazama. Akawatazama wageni, akanirudia mimi, akapapasa shingo. Nikasema moyoni, sasa atasema. Akatabasamu.

"Litakuwa tayari, Bi Zuhura."

Hakuniita dada, kwa heshima ya mahala. Wageni wakapiga makofi. Akabandika karatasi yake ya manjano, akaibonyeza pembe zote kwa kidole gumba ili isianguke. Ningeweza kumuuliza, "Hamadi, na mirunda je?" Sikumuuliza. Wageni walikuwa wanatutazama, na nilitaka kuita genge linalofuata.

Wewe ni fundi wa boksi, sina haja ya kukueleza nini hutokea mirunda ikiwa michache. Zege bichi halina miguu. Linabebwa na zile mbao na ile mirunda iliyosimamishwa chini yake mpaka likauke lijibebe lenyewe. Hamadi aliipanga ile aliyokuwa nayo mbalimbali, mingine akaiunga vipande vifupi kwa misumari, na akafanya kazi ya genge zima yeye na mzee mmoja aliyekuwa hawezi tena kupanda mikarafuu. Mimi sikwenda kutazama. Karatasi yake ilikuwepo ukutani, nikaiamini kuliko nilivyomwamini njiani.

Alhamisi tukamwaga. Mashine ilikuwa ikipiga kelele, watu wanapokezana ndoo, wanaimba. Hamadi alikuwa pembeni anasikiliza mbao zake, kama ilivyokuwa desturi yake, kichwa upande. Nikamwona ghafla anapiga yowe kwa walio juu washuke, na mikono inawasukuma hewani. Walishuka, wote, salama, wengine kwa kuruka. Yeye akachukua nyundo na kabari akaingia chini.

Alidhani ataliwahi. Au alikumbuka ahadi yake. Hilo ndilo ninalomuuliza mpaka leo.

Matanga yalijaa. Kila aliyeingia aliniambia ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika, nami nikaitikia. Mimi ni Muislamu, naamini siku ilikuwa imefika. Lakini nilitamani mtu mmoja tu, katika wale wote, anitazame usoni aniulize kama nilijua. Hapana aliyeuliza. Walinisitiri, kama alivyonisitiri Hamadi. Waliokuja kuchunguza waliambiwa na kila fundi kwamba kila kitu kilikuwa sawa, ila Mungu ndiye mpangaji. Mhandisi alikaa barazani kwetu akalia, akaniuliza, "Mama, kwa nini hakusema?" Nikamwambia sijui.

Wifi yangu Rehema alipotoka eda nilikwenda kumtazama. Tulizungumza ya watoto, kisha akasema, taratibu tu, huku ananimiminia chai: "Wifi, ile siku ya wageni alikuja hapa akanambia, 'Ningesema sijawa tayari wale watu wangemcheka dada. Bora n'jitahidi.' Ndivyo alivyosema." Akanisogezea kikombe. Hakuwa na maana ya kunilaumu, na angenilaumu ningepumua. Niliinywa ile chai moto hivyo hivyo.

Tangu hapo Hamadi huja. Usinichukulie kuwa nimepagawa, sijamwona kwa macho. Huja mtu anapokubali jambo haraka. Mshonaji akinambia nguo itakuwa tayari kabla ya sikukuu, nasikia "Litakuwa tayari, Bi Zuhura" kwa sauti ileile. Kijana wa umeme akisema atakuja kesho, nasikia. Hata kwenye ndoa ya dada yako, bwana harusi alipojibu "nimekubali," nilishtuka mpaka shangazi yako akanishika bega, akidhani nalia kwa furaha. Ile skuli ilijengwa tena upande ule na watoto wanasoma. Nikipita nasikia wanaitikia mwalimu kwa pamoja, "Ndiyooo," na mimi nyayo zangu huongeza mwendo.

Nilirudi kazini baadaye. Nilikuwa na hasira, nikataka kujua kama njia ile ndiyo mbaya au sisi. Lilikuwa jengo dogo la zahanati, na safari hii sikungoja mkutano. Nilikwenda kwa kila fundi pale anapofanyia kazi, nikakaa juu ya tofali, sikumuuliza utamaliza lini. Niliuliza nini kitakukwamisha. Ukaniwakia moto mwengine. Mzee Makame, mwashi, aliacha kuchanganya udongo akanikazia macho: "Weye Zuhura, asubuhi yote hii waja niuliza cha kunikwamisha? Wanichuria?" Kumtajia mtu balaa kabla halijaja kwetu ni uchuro, nami nililisahau hilo. Nikamuomba radhi, tukacheka, nikakaa tu bila ya kuuliza. Baada ya kitambo akasema, hali anatazama pembeni, "Huyu jirani yangu anamuoza mwanawe Jumamosi. Sikusema kitu mie." Nikaondoka nikijua kwamba Jumamosi hapana ukuta utakaopanda, wala Ijumaa. Mkutanini Mzee Makame aliulizwa akasema hewala, kila kitu tayari. Lakini karatasi yake nilikuwa nimeshaihamisha wiki ya mbele, na yeye akaiona, akanikonyeza.

Kwa hiyo usifikiri naichukia njia ile. Kupanga mwenyewe kazi yako ni bora mara nyingi kuliko kupangiwa na mtu asiyeshika nyundo. Lakini inataka watu wanaoweza kusema hapana, na watu hao hawaji pamoja na karatasi. Tumefundishwa kwamba ahadi ni deni. Hatukufundishwa kwamba deni mtu huweza kukataa kulichukua. Na nilipomwendea yule mkandarasi wa zahanati nikamwomba na yeye abandike yake, mbao lini, chuma lini, alicheka. Alipoona sicheki, akasema hana wakati. Hapo ndipo nilipoiacha kazi, nikaja kuuza mbegu na mbolea, na baba yako hakuniuliza kwa nini.

Sasa tazama huu ukumbi niliokaa. Karafuu za Bi Shuweikha za kumpelekea mwanawe. Madumu ya asali. Magunia mawili ya nazi za watu nisiowajua. Na godoro, Suleiman. Jana kijana wa jirani alikuja kukuomba umchukulie godoro kwenye boti, nilikuwa dirishani. Ulitazama chini, ukapapasa shingo, ukasema "Hapana tabu." Hukuwahi kumwona mjomba wako akifanya hivyo ukaweza kukumbuka, ulikuwa mdogo mno. Mkono umekuja wenyewe.

Watu wanakusifu kwa moyo wako na mimi najivunia. Usiuache. Lakini kule unakokwenda utasimama na wewe mbele ya hicho kioo chao, na utaulizwa mbele ya wakubwa kama boksi liko tayari. Atakayekuuliza huenda akawa mtu unayempenda, mtu ambaye hutaki achekwe. Huyo ndiye wa kumwogopa kuliko bosi mkali. Na kwa kuwa utakuwa kiongozi, wako watakaokwambia wewe mambo njiani, kwenye kahawa, wakati wa kunawa kwa sala, kwa maneno ya mafumbo na kupapasa shingo. Aliyekwambia njiani ameshakwambia. Usimrudishe akaseme tena mbele za watu. Nenda ukasimame pale wewe, useme kwa niaba yake, hata kama genge lako litachekwa wiki nzima.

Lakini kukataa si jambo la kulisoma kwenye barua. Mdomo unataka kuzoea. Hamadi alikuwa mtu mzima, hodari, na neno lile halikupata kumtoka hata siku moja mbele ya watu anaowaheshimu, na siku alipolihitaji halikuwepo.

Kesho asubuhi watu watajaa uani kukuaga. Watakuwepo wajomba zako waliobaki, majirani, Rehema na wanawe, baba yako kwenye kiti chake. Ukishabeba begi nitakuja mbele yao wote nikushike mkono, nikuombe usiende. Nakwambia mapema ili usije ukadhani ni mchezo wa kukujaribu, maana haitakuwa mchezo. Nitakuomba kweli. Nitakwambia hapa kuna kazi, nitakwambia nimeshazika ndugu kwa kazi hiyo, na pengine nitalia. Bibi yako ataniunga mkono. Wote watakungoja useme unavyosema siku zote.

Nikatalie, mwanangu. Usiseme tutaona. Usinivute pembeni ukaninong'oneza. Sema "Hapana mama, nakwenda," kwa sauti ya kuwafikia waliokaa nyuma kabisa. Watasema umenivunjia heshima mbele ya watu, na Bi Shuweikha atalisimulia mpaka Mkoani. Waache.

Sitakuachia mkono mpaka nilisikie neno hilo.

Mama yako,
Zuhura